Rabi wa Saladi na Sanduku la Pasaka

Marabi wakubwa wa nchi hii wana watu wa kuwaandikia maisha yao. Vitabu vyao vina majalada mazito na maandishi ya dhahabu, na ukivisoma utadhani walizaliwa na ndevu. Getzel Vinograd hana kitabu. Ana jina la utani tu, Rabi wa Saladi, na tuliompa ni sisi wenyewe, watu wa sinagogi yake hapa Rehovot, ambao hatukuwa na kazi nyingine ya maana.

Jina lilitokana na kibarua chake. Urabi wa sinagogi ndogo kama yetu haumlishi mtu, kwa hiyo siku za kazi alisimamia majiko ya kumbi za harusi, kuhakikisha kila kinachopikwa ni halali kwetu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni saladi. Mdudu ni haramu hata awe mdogo kama nukta, na saladi ni nyumba ya wadudu. Getzel alikaa kwenye kigoda, akainua jani moja moja mbele ya taa, akalitazama upande huu na upande ule. Akiridhika anatia sahihi, wageni mia sita wanakula. Asiporidhika, bibi harusi analia. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili, na macho yake yakawa mekundu kama ya mtu aliyetoka kuomboleza.

Alizaliwa Yasi, huko Romania, akaletwa hapa ana miaka kumi na mmoja, yeye na mama yake na mto mmoja wa manyoya ya bata. Chuoni walimu walikubaliana kwamba kichwa chake ni kizuri na shingo yake ni mbaya, haijui kuinama. Alifanya mtihani wa ujaji wa mahakama ya dini mara mbili, akafaulu mara mbili, na mara zote mbili kiti alipewa mtu mwenye mjomba mahakamani. Akamwoa Bruria, muuguzi, mwanamke anayecheka kwa sauti hata katika mazishi. Wakaishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti, vitabu vikiwa vimepangwa mpaka juu ya friji.

Watu wetu wangemsahau pale pale kama si habari ya viti. Katika ukumbi mmoja eneo la viwanda, waosha vyombo walikuwa Waeritrea kumi na wawili, na chakula chao walikula wima, kando ya mapipa ya taka. Getzel akamuuliza mwenye ukumbi kwa nini. Mwenye ukumbi akasema hakuna viti. Alisema hivyo akiwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi wenye viti mia sita vilivyofungwa utepe mweupe. Getzel akaichomeka kalamu yake mfukoni. Akamkumbusha kwamba tumeamriwa kumlisha mnyama wetu kabla ya sisi wenyewe kukaa mezani, akamuuliza kama hawa wameshuka chini ya punda.

"Rabi," yule akamwambia, "kazi yako wewe ni wadudu."

"Ndiyo, na leo nimempata mmoja mkubwa."

Kabla supu haijatoka, viti kumi na viwili vilipatikana. Wala havikutoka mbali. Habari ilipofika sinagogini, watu walicheka wiki nzima. Wakaanza kumuuliza kama ameshawapimia Waeritrea magodoro. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje sisi sote tulihudhuria harusi katika ukumbi ule, tukapita mbele ya yale mapipa, tukasifia samaki.

Sasa nimfikie Yekutiel Landsman. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sinagogi na mtoaji wetu mkubwa. Jina lake limeandikwa kwa dhahabu kwenye pazia la kabati la Torati, kwenye kiyoyozi, kwenye rafu ya vitabu, na kwenye bomba la kunawia mikono. Ukisali kwetu mwaka mmoja utakuwa umelisoma jina la Landsman mara nyingi kuliko la Musa. Alikuwa mtu wa dini kwelikweli. Maziwa na nyama, ambavyo kwetu havichanganywi, nyumbani kwake vilikuwa na friji mbili tofauti. Mkate wa Sabato alinunua kwa mwokaji mmoja tu mji mzima.

Mama yake, Bi Frume, alikuwa na miaka themanini na minane na miguu iliyokataa kazi. Aliishi ng'ambo ya barabara, mkabala na sinagogi, na aliyemtunza usiku na mchana ni Sabitri Tamang, mwanamke kutoka Nepal. Sabitri alimwinua, akamwogesha, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kila Sabato mpaka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akakaa naye mpaka mwisho wa sala. Miaka mitano. Alikuwa ameshajifunza nyimbo za Sabato kwa sikio, na mara nyingine sauti yake ndiyo iliyowaongoza wanawake wetu waliosahau maneno.

Pasipoti yake ilikuwa kwa Yekutiel. Aliichukua baada ya sikukuu za vuli, akisema anamtunzia isipotee. Sheria ya nchi inakataza jambo hilo waziwazi, na Yekutiel aliijua sheria hiyo kama alivyojua anwani yake. Februari ikaja habari kutoka Nepal: mama yake Sabitri ameanguka, nyonga imevunjika, hapati usingizi, anamtaja yeye tu. Kaka yake akamkatia tiketi ya Jumapili asubuhi. Sabitri akaomba pasipoti. Yekutiel akamwambia ataipata baada ya Pasaka. Pasaka ilikuwa miezi miwili mbele.

Sabitri hakumwendea rabi. Kwa nini amwendee? Alituona sisi kila Sabato, akatupima. Alimwendea Bruria, kumuuliza kama mtu wa umri ule huishi na nyonga iliyovunjika, na kwa muda gani. Bruria akamjibu kwa ukweli, wakalia pamoja jikoni, na Getzel aliporudi na harufu ya saladi akaelezwa yote.

Alianza kwa upole. Alikwenda kwa Yekutiel Jumatano, akapewa chai na keki. Yekutiel akamweleza kwamba Sabitri ni kama ndugu wa nyumbani, na ndugu hawaachani wakati wa shida. Alkhamisi akarudi, safari hii bila keki. Akaambiwa kwamba Pasaka wanakuja wageni thelathini, na nani atamwinua mama? Katika kituo cha polisi askari alipiga miayo, akamwambia mlalamikaji aje mwenyewe wiki ijayo, na alete pasipoti yake ya kumtambulisha. Akawapigia simu marabi watatu wakubwa, wale wenye vitabu. Wa kwanza alisema huu si wakati. Wa pili aliuliza kama mwanamke mwenyewe ni Myahudi. Wa tatu alisifu moyo wake mwema, akamshauri alizungumze jambo kimyakimya, katika faragha, na Bwana Landsman, ambaye kwa bahati njema alikuwa amechangia jengo la chuo chake.

Ijumaa machweo Sabato ikaingia. Simu zikazimwa, maduka yakafungwa. Tiketi ilikuwa ya Jumapili asubuhi.

Asubuhi ya Sabato mvua ilinyesha, na sinagogi ilijaa kwa sababu Yekutiel alikuwa ameahidi samaki na pombe baada ya sala. Zamu ya kusomwa ilikuwa ile sehemu ndefu ya sheria inayofuata mara baada ya amri kumi, yenye ng'ombe wapigao watu pembe na mashimo yaliyoachwa wazi, na mgeni ambaye tumeamriwa tusimwonee kwa sababu tunajua ugeni ulivyo. Torati ikatolewa kabatini, ikazungushwa, tukaibusu, ikalazwa mezani. Hapo Getzel akapanda jukwaani, akaipiga meza kwa kiganja, mara tatu.

Vijana hawakuelewa. Wazee walielewa, nikaona shingo zikikakamaa. Ni desturi waliyokuja nayo babu zetu kutoka Poland na Romania: aliyedhulumiwa akakosa pa kwenda huja siku ya Sabato, akapiga meza, na Torati haisomwi mpaka watu wamsikilize. Iliwekwa kwa ajili ya mjane na yatima. Kwetu ilitumika mara ya mwisho miaka kumi na tisa iliyopita, na mdhulumiwa alikuwa Manoah Zilber, daktari wa meno, aliyehamishiwa kiti cha chini ya kiyoyozi.

"Leo hatusomi," Getzel alisema. "Kuna mtu hapa anashikilia pasipoti ya mwanamke mwenye mama mgonjwa. Airudishe, tusome."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kila mtu akainamia kitabu chake, na sijapata kuona watu wakisoma kwa bidii kama ile. Hata mimi niligeuza kurasa, na mpaka leo sijui nilikuwa nasoma nini.

Manoah ndiye aliyesema kwanza, kwa kuwa alijiona mtaalamu wa desturi ile.

"Rabi, meza hupigwa na mwenye shida mwenyewe. Wewe pasipoti yako si unayo?"

"Ninayo."

"Sasa?"

"Sasa mwenye shida yuko nyuma ya pazia mlilolitundika nyinyi. Mkono wake haufiki mezani. Nimemwazima wangu."

Yekutiel akasimama. Alikuwa ameshajifunika shuka lake la sala lenye ukingo wa fedha, maana alikuwa amenunua heshima ya kuitwa kwenye Torati siku ile. Akasema kwa sauti ya mtu anayemsamehe mtoto kwamba anamheshimu sana rabi, lakini desturi hii ni ya watu wetu, na yule mwanamke, kwa heshima zote, si wa kwetu.

Getzel akamjibu kwa kirefu, na sitaki kulipamba jibu lake, kwa sababu hakuwa msemaji. Alikwama, akarudia, miwani ikamteleza. Alisema kumpenda jirani tumeamriwa mara moja, lakini habari za mgeni wahenga wetu walizihesabu wakafika mara thelathini na sita, labda kwa kuwa walitufahamu. Alisema aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu katika ukurasa wa kwanza anaitwa mtu, na Myahudi wa kwanza bado yuko mbali. Alisema Farao naye hakukataa kila mara. Pigo lilipombana alikubali, halafu akasogeza siku. Kisha akasema maneno ambayo baadaye yalimgharimu kuliko yote.

"Angekuwa wa kwetu, Yekutiel, nisingeitumia Torati. Ningekwenda kwa mjomba wake tu."

Watu wakaguna. Wenye wajomba waliguna zaidi.

"Nitampa," Yekutiel alisema. "Nani amesema sitampa? Lakini iko kwenye sefu, na sefu yangu inafunguka kwa umeme. Unataka nivunje Sabato, Rabi? Mbele ya watu wote hawa, wewe rabi, unaniamuru niwashe umeme?"

Ungesikia pumzi iliyotoka vifuani mwetu. Tulikuwa tumepata sheria ya kujificha nyuma yake, tena sheria kubwa. Watu ambao dakika moja nyuma walikuwa wamepotea vitabuni wakainua vichwa, wakatikisa, wakanong'onezana kwamba kweli, Sabato ni Sabato, mtu afanyeje. Mzee mmoja akampa Yekutiel mkono.

"Usivunje," Getzel alisema. "Tutangoja nyota tatu zitoke, Sabato iishe, ukafungue. Mimi nina nafasi." Akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, mgongo akauegemeza kwenye meza.

Nusu saa ya kwanza watu walijitia heshima. Ya pili wakaanza kunusa. Katika kila nyumba ya mtaa ule kulikuwa na sufuria ya hamini, maharage na nyama na viazi vilivyolala juu ya moto mdogo tangu Ijumaa, na hamini ina saa yake. Ikipita, inakuwa lami. Watu kama kumi na watano walichomoka kwenda kumalizia sala katika sinagogi ya Wayemeni barabara ya nyuma. Wakarudi wamelowa. Wayemeni walikuwa wameshamaliza, wapo mezani.

"Rabi," Manoah alisema, "nikifika nyumbani mke wangu hataniuliza habari za Nepal. Ataniuliza habari za sufuria."

"Mwambie ukweli. Mwambie imeungua kwa ajili ya sanduku la chuma la Landsman."

"Lakini sisi wengine tumekosa nini?"

"Nyinyi? Nyinyi mmekuja kula samaki wake."

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya pazia. Ilikuwa nyembamba, lakini sinagogi ni ndogo.

"Yekutiel. Unamdanganya nani, mwanangu?"

Yekutiel akageuka. "Mama, tafadhali."

"Sefu gani? Nilikuona. Ulivua viatu ukapanda kiti changu cha jikoni, ukalishusha sanduku la Pasaka, ukaitia pasipoti ndani ya sufuria ya shaba ya marehemu mama yangu. Mimi mgonjwa wa miguu. Macho ninayo."

Kila nyumba yetu inalo sanduku hilo. Vyombo vya Pasaka hukaa humo mwaka mzima, juu kabatini, na halifunguliwi kabla ya siku zake, kwa sababu siku za Pasaka mkate wenye chachu ni haramu kwetu, na punje moja ikiingia mwanamke wa nyumba atalia. Halina umeme. Halina hata kufuli. Linalindwa na uchaji wa Mungu peke yake.

Pazia likatikisika, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano tukamsikia Sabitri akisema kitu ambacho si wimbo.

"Mama, lile? Lile nalifuta vumbi kila Alkhamisi. Siku ya kwanza nilipofika Bwana Landsman aliniambia nisilifungue, mikono yangu ina mkate. Sijalifungua hata siku moja."

Miezi minne yule mwanamke alikuwa amelifuta vumbi kaburi la pasipoti yake, akaishika sheria yetu kuliko aliyempa, na aliyempa alikuwa ameitumia kama mlinzi asiyedai likizo.

"Na wewe, Bi Frume," Getzel aliuliza polepole, "ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile." Kizee kilikohoa. "Nilinyamaza. Nilitaka abaki. Mimi pia, Rabi, andika jina langu chini ya lake. Sabitri, nenda kailete."

"Nimekula mkate asubuhi, Mama. Vyombo vitaharibika."

Getzel akasimama. "Fungua, binti yangu. Shaba naijua, inatakaswa kwa maji ya moto, nitaichemsha mwenyewe. Kwa ulichofanyiwa wewe sina maji."

Yekutiel alianza kusema jambo juu ya heshima ya sikukuu. Mama yake akamwambia akae, akakaa. Sabitri alitoka mvuani, akavuka barabara. Tulikaa, watu wazima themanini, tukisikiliza mvua. Alirudi pasipoti ikiwa kifuani ndani ya koti, hakumwonyesha mtu, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia. Bi Frume akasema, "Anayo." Getzel akateremka jukwaani.

Ikasomwa. Na ilipofika sehemu ya mgeni, aliyeitwa kusimama mbele ya Torati ni Yekutiel Landsman, kwa kuwa heshima ilishanunuliwa. Alipanda. Alitoa baraka kwa sauti nene, bila kukosea hata neno, nasi sote tukaitikia amina. Kisha tukala samaki wake. Wote. Getzel peke yake alikwenda nyumbani.

Sabitri aliruka Jumapili. Alimkuta mama yake hai, tena mkali, analalamikia chakula cha hospitali.

Jumanne kamati ilikutana. Barua aliyopewa Getzel ilisema kwamba baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi uliotukuka mkataba wake hautaongezwa, kwa kosa la kuwasumbua waumini. Kosa hilo lipo kweli katika sheria zetu: haifai kuwachosha watu katika sala. Kifungu cha tatu kilitaja saa moja na dakika arobaini za kuchelewa, na vyakula vilivyoharibika. Kifungu cha mgeni hakikutajwa. Tulioulizwa kama tuna pingamizi tulikuwa watu sabini na wanane. Mikono ilinyoshwa miwili, wangu ukiwa wa pili, na ulichelewa.

Rabi tuliyempata baada yake ana sauti nzuri na hana maoni.

Siku mbili kabla ya Pasaka nilimkuta Getzel barabarani amebeba sufuria kubwa ya kukodi, ile ya kuchemshia vyombo, na koleo la chuma kwapani. Nikashika upande mmoja. Tukavuka mpaka kwa Bi Frume. Aliyefungua mlango ni Yekutiel, na alipotuona akabaki ameushikilia mlango, hajui aufunge au aufungue.

"Nilimwahidi yule binti kuchemsha shaba," Getzel alisema.

"Haina haja. Pasipoti si mkate."

"Najua. Lakini niliahidi."

Kutoka ndani kikaja kile kikohozi. Mama yake alikuwa jikoni, kwenye kiti chake, pamoja na msaidizi mpya, msichana wa Kifilipino, na kwenye shingo ya msichana huyo ulining'inia mkoba mdogo wa kitambaa ambao Bi Frume aliushona kwa mkono wake, wenye upana wa pasipoti.

"Mwache rabi apite," alisema. "Na wewe, Yekutiel, vua viatu, panda kiti, ulishushe sanduku. Njia unaijua."